Nyumba mupya: tununue ao tungoje?



Bwana na bibi yake, bado vijana, wakaaji wa hapa Lubumbashi, wametuandikia juu ya shida ambayo jamaa nyingi zinaijua. Wamechanga feza miaka kadhaa. Komisionere amewaonyesha nyumba mupya kabisa kule Annexe: vyumba vitatu, mabati yanang'aa, rangi bado inanukia. Baba mukubwa wao anawaambia: "Muachane na ile. Mutafute nyumba ya zamani mu Katuba, kule maji na moto viko." Bibi anapenda ile mupya. Bwana anaogopa. Wanauliza ni nani mwenye kusema kweli.

Tukumbuke kwanza tunatoka wapi. Wazee wetu wengi walikaa katika nyumba za kambi, za Union Minière na kisha za Gécamines. Nyumba ilifuata kazi. Baba akitoka kazini, jamaa ilitoka pia katika nyumba, hata kama watoto wote walizaliwa mule ndani. Na mwaka 2003, wakati wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines walipoacha kazi kwa mpango ule wa kuondoka kwa hiari, feza ya mkononi iliisha mbio kuliko walivyofikiri. Basi mtu wa huku akitafuta nyumba yake mwenyewe, si majivuno. Anatafuta mahali ambapo hakuna mtu atamwambia: toka.

Uzuri wa nyumba mupya ambao watu hawausemi sana ni huu: haina marehemu ndani yake. Nyumba nyingi za Kenya, Katuba na Ruashi zilijengwa na babu ambao wamekwisha kufa, na warithi ni wengi. Sheria ya jamaa ya mwaka 1987 inawapa watoto robo tatu za urithi, wote pamoja, na mjane pia ana haki zake. Wewe unanunua kwa kaka mkubwa, unamlipa, mnakunywa soda pamoja. Kisha miaka miwili dada yake anafika toka Kolwezi: "Nani alikuuzia nyumba ya baba yetu? Mimi sikutia mkono." Na mbele ya tribinali huyo dada ana neno la kusema. Kwa nyumba mupya unauliza mtu mmoja tu, yule aliyeijenga. Tena bati halina kutu, na huanzi kutengeneza milango mwezi wa kwanza. Hayo ni kweli, baba mukubwa asikasirike.

Lakini nyumba mupya haijaona mvua.

Kwetu mvua inaanza kunyesha vizuri mwezi wa 11 na inamalizika karibu na mwezi wa 4. Wajenzi wa nyumba za kuuza wanajenga wakati wa kiangazi, wanapaka rangi mwezi wa 8, na kila nyumba ni nzuri mwezi wa 8! Ukuta umekauka, njia inapitika, shimo la choo halijajaa. Mwezi wa 1 ndio unasema kweli. Ukiweza, ngoja. Rudi pale siku ya mvua kubwa, uangalie maji yanatoka wapi na yanaenda wapi. Uliza jirani, si komisionere. Jirani hana asilimia yake katika bei.

Uangalie udongo pia. Parseli nyingi za pembeni ya mji zilikuwa na vichuguu vikubwa, vile virefu kupita mtu. Udongo wake ni mzuri kwa matofali ya kuchoma, na mafundi wetu wanaujua tangu zamani. Lakini pale kichuguu kilipovunjwa, chini panabaki udongo uliochimbuliwa na mashimo ya mchwa. Kama ukuta umesimama juu yake bila msingi wa kutosha, unapasuka pole pole. Uliza: kichuguu kilikuwa wapi? Fundi wa kweli atakuonyesha kwa kidole. Na kama nyumba ni ya buloku za simenti, chukua msumari, ukwaruze mahali ambapo hawajapaka rangi. Mchanga ukimwagika sawa unga, simenti ilihurumiwa. Bei ya simenti tunaijua wote, na mwenye kujenga kwa kuuza anaijua kupita sisi.

Sasa karatasi. Hapa ndipo jamaa zinapotezea feza kuliko kwa mvua. Kwa sheria ya mwaka 1973, udongo wote ni mali ya Serikali. Unachonunua ni nyumba pamoja na haki ya kutumia ile parseli. Haki hiyo inaonyeshwa kamili na karatasi moja tu, sertifika ya kuandikisha, inayotolewa na konservateri. Karatasi ya shefu wa kijiji haitoshi. Karatasi ya shefu wa kartie haitoshi. Kontra ya kupanga ya Serikali ni mwanzo mzuri, lakini ni ya muda. Huko pembeni ya mji nyumba mupya nyingi zinauzwa na karatasi ya shefu peke yake, na parseli moja inaweza kuuzwa kwa watu wawili, watatu. Nenda mwenyewe kwa konservateri na kwa kadastre, na namba ya parseli mkononi, uulize iko kwa jina la nani. Hata sertifika inapata nguvu yake yote kisha miaka 2. Mbele ya hapo mtu anaweza bado kuishitaki. Usilipe feza yote siku moja. Bakiza sehemu mpaka jina linabadilishwa, na mwandikiane mbele ya notere, si juu ya kikaratasi cha kayé.

Neno lingine, kwa wale wanaoonyeshwa parseli ya bei rahisi upande wa Penga Penga. Kiwanda cha shaba cha Lubumbashi kiliyeyusha tangu 1911, na upepo ulipeleka moshi wake kule kwa miaka mingi. Udongo wa pale umebeba shaba, risasi na sumu zingine. Nyumba inaweza kuwa nzuri kabisa, lakini mama asilime lengalenga katika kiwanja, na watoto wasichezee vumbi. Hesabu hiyo pia iingie katika bei.

Juu ya maji na moto hatutasema mengi. Katika kartie mupya mara nyingi wakaaji ndio wanaonunua poto na waya, na wanachimba kisima. Ongezeni gharama hiyo juu ya bei, kisha mlinganishe na ile nyumba ya Katuba.

Kwa hawa vijana wawili, sisi tungejibu hivi. Musikatae ile nyumba kwa sababu iko mupya, na musiichukue kwa sababu inang'aa. Kama muuzaji hana sertifika, muache hata kama anapunguza bei. Akipunguza sana, mukimbie. Kama anayo, na konservateri anahakikisha, mumuombe angoje mpaka mwezi wa 1. Akikataa kabisa kungoja, mujiulize anaogopa nini.

Na wewe bwana, siku ya kuandika, andikisha majina yote mawili, lako na la bibi yako. Sheria inataka ninyi wawili mukubali mbele nyumba haijauzwa, lakini jina likiwa limeandikwa, wandugu zako hawatapata nafasi ya kubishana naye siku wewe hauko.