Hifadhi ya Ardhi Haidumu kwa Amri

Kila ifikapo tarehe 5 Juni, Siku ya Mazingira Duniani, shughuli huwa ni zile zile katika wilaya nyingi za Tanzania. Ngoma huchezwa, risala husomwa, mgeni rasmi hupanda mche wa kumbukumbu na wanafunzi hupanda iliyobaki. Lakini Juni ni kiangazi katika sehemu kubwa ya nchi. Mvua zinaporudi, mahali pengi hukutwa vijiti vikavu, na mwaka unaofuata mashimo mapya huchimbwa kando ya yale ya zamani. Hata hivyo taarifa huandikwa kwamba lengo limefikiwa, kwa kuwa kilichohesabiwa ni miche iliyopandwa, wala si miti iliyokua.

Hasara ya jambo hili si ya miche peke yake. Kila mche unaokauka mbele ya macho ya wananchi huwafundisha kwamba hifadhi ya ardhi ni shughuli ya Serikali, yenye siku yake na wageni wake, na kwamba wao wameitwa kushangilia tu. Somo hilo ni baya, na wanaolitoa, pengine bila kukusudia, ni watumishi wa umma na walimu, yaani wale wale waliopewa dhamana ya kuwaelimisha wananchi.

Tanzania haina sababu ya kutafuta ng'ambo mfano wa kujisahihisha. Mfano upo Usukumani.

Tangu miaka ya 1920, utawala wa kikoloni wa Waingereza ulifyeka mapori makubwa ya Shinyanga ili kuangamiza mbung'o. Baadaye kilimo cha pamba kilipanuka, watu na ng'ombe wakaongezeka, na miti ikaendelea kukatwa kwa kuni na majengo. Ulipoanzishwa Mpango wa Maendeleo ya Usukuma mwaka 1947, wakulima walilazimishwa kwa sheria kulima matuta na kupunguza mifugo, na aliyekaidi alitozwa faini. Wananchi walizichukia sheria hizo, na upinzani dhidi yake ukawa sehemu ya harakati za kudai uhuru. Katika milima ya Uluguru hali ilikuwa hiyo hiyo. Amri ya kuchimba matuta ya ngazi ilizaa ghasia za mwaka 1955, na mpango mzima ukaachwa. Wataalamu wa mkoloni hawakukosea waliposema kwamba udongo ulikuwa unamomonyoka. Walikosea walipodhani kwamba mwenye udongo hana la kusema.

Ni lazima pia kusema ukweli kwamba kosa la namna hiyo halikuisha na ukoloni. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1974 na 1975 ilikuwa na shabaha njema ya kuwaletea wananchi shule, maji na zahanati. Lakini kwa jinsi ilivyotekelezwa katika sehemu nyingi, familia zilihamishwa kwa haraka na kuacha nyuma mashamba, miti na malisho waliyokuwa wakiyatunza. Miongoni mwa vitu vilivyoachwa Shinyanga ni ngitili.

Ngitili ni desturi ya Wasukuma ya siku nyingi. Mwanzoni mwa masika mfugaji hutenga sehemu ya ardhi na kuifunga, mifugo isiingie. Nyasi huota, vichaka hupumzika, na visiki vya miti iliyokatwa huchipua. Kiangazi kikikolea na malisho mengine yakiisha, ngitili hufunguliwa kwa utaratibu, wakianza ndama, ng'ombe wazee na wagonjwa. Haihitaji kitalu wala fedha za kigeni. Inahitaji mipaka inayojulikana na majirani wanaoiheshimu.

Mwaka 1986 Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliojulikana kama HASHI, ambao baadaye ulipata msaada wa Norway. Mwanzoni mradi huo nao ulielekea kule kulikozoeleka, kwenye vitalu vikubwa na miti ya kigeni iliyochaguliwa na wataalamu. Sifa ya watumishi wake ni kwamba waliwahi kubadili mwendo. Walikaa na wazee na wafugaji, wakawauliza ni miti ipi wanaithamini na ardhi yao ilitunzwaje zamani. Jibu lilikuwa ngitili. Tangu hapo kazi ya mtaalamu ikawa kusaidia kile ambacho wananchi walikwisha kukijua.

Matokeo yake yanajulikana. Mradi ulipoanza, ngitili zilizokuwa zimeorodheshwa hazikuzidi sana hekta 600. Kufikia miaka ya mwanzo ya 2000, eneo lililorudishiwa miti na nyasi kwa njia hiyo lilikadiriwa kuwa zaidi ya hekta 300,000, katika vijiji zaidi ya 800 vya Mkoa wa Shinyanga wa wakati ule, kabla haujamegwa mwaka 2012. Kuni zilisogea karibu na nyumba, na akina mama wakaokoa saa walizozipoteza njiani. Dawa za miti shamba, asali, matunda na nguzo za kujengea vikapatikana tena. Vijiji vyenye ngitili za pamoja viliuza nyasi na mazao ya miti, na fedha hizo zikasaidia kujenga madarasa na zahanati. Mipaka ililindwa kwa sheria ndogo za vijiji, kwa dagashida, ambayo ni baraza la jadi, na kwa sungusungu. Aliyeingiza ng'ombe kwa wizi alihukumiwa na majirani zake.

Wapo wasemao kwamba njia ya kushauriana ni ndefu mno na kwamba ardhi inayokufa haingoji mikutano. Wao hutaja Kondoa, ambako mwaka 1979, chini ya mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, mifugo yote iliondolewa kwa amri katika eneo lililokuwa limeliwa vibaya na makorongo. Ni kweli kwamba nyasi na vichaka vilirudi, na haifai kulibeza jambo hilo. Lakini mifugo ile haikutoweka. Mingi ilihamia katika ardhi ya majirani, na mzigo ukahama pamoja nayo. Zaidi ya hayo, amri huhitaji mlinzi wa kudumu. Siku mlinzi anapokosa mshahara au gari, hifadhi inakwisha. Ngitili ililindwa na yule aliyeamka kila asubuhi na kuiona ni mali yake.

Hata hivyo mafanikio ya Shinyanga si hirizi. HASHI ilimalizika mwaka 2004, na tangu wakati huo baadhi ya ngitili zimegawanywa baina ya warithi, nyingine zimelimwa na nyingine zimechomwa mkaa. Tena zipo zilizo mikononi mwa wenye ng'ombe wengi, ambapo maskini wa kijiji hana pa kuchunga wala pa kuokota kuni. Hapa ndipo haki inapoungana na hifadhi. Mwananchi asiyepata chochote katika msitu wa kijiji hana sababu ya kuulinda, hata akihubiriwa mwaka mzima.

Sheria za nchi zinatoa nafasi ya kutosha ya kurekebisha mambo hayo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inakipa kijiji mamlaka ya kusimamia ardhi yake, na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inakiruhusu kutenga msitu wake na kufaidi mazao yake. Lakini sheria iliyofungiwa katika kabati la Mtendaji haimlindi mtu. Wajibu wa Afisa Misitu na Bwana Shamba ni kuipeleka katika Mkutano Mkuu wa Kijiji, kuieleza kwa lugha nyepesi, kisha kuwaacha wananchi waamue wapi pafungwe, nani apate nini, na mvunjaji atozwe nini. Afisa anayefika na mipaka iliyokwisha kuchorwa anarudia kosa la mwaka 1947, ingawa anazungumza Kiswahili.

Mwalimu naye ana sehemu yake. Elimu ya Kujitegemea ilipotangazwa mwaka 1967, shamba la shule lilikusudiwa kuwa darasa ambamo mwanafunzi anafikiri, anapanga na anaona matunda ya kazi yake. Katika shule nyingi lilishuka likawa mahali pa kutumikia adhabu. Mche unaopandwa kama adhabu hautamwagiliwa kwa mapenzi. Afadhali darasa moja likabidhiwe miti 10 kwa miaka yake yote ya masomo, likachagua aina yake kwa kuuliza wazee, na kupimwa kwa iliyo hai siku ya kumaliza, kuliko kupanda 1,000 kwa siku moja.

Jambo la mwisho ni mfano wa viongozi wenyewe. Serikali iliagiza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kupikia kuni na mkaa kufikia mwisho wa Januari 2024, na Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia unataka asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati hiyo ifikapo 2034. Agizo hilo linaanzia katika majiko ya shule, vyuo, magereza na hospitali. Mtumishi anayemkamata mama mwenye kichwa kimoja cha kuni, huku jiko la taasisi yake likimeza lori zima, hatasikilizwa, wala hastahili kusikilizwa.

Basi taarifa za 5 Juni na zianze kubadilika. Kila wilaya ieleze miti mingapi iliyopandwa miaka mitatu iliyopita ingali hai, nani anaitunza, na amepata faida gani. Takwimu hizo zitakuwa ndogo kuliko zile za sherehe, na pengine zitawaaibisha baadhi ya watu. Lakini zitakuwa za kweli, na juu ya ukweli huo wananchi wataweza kujenga.