Wafundisheni Watoto Kweli Yote

Wako ndugu zetu wasemao kwamba somo la Historia ya Tanzania na Maadili, lililowekwa katika mitaala ya mwaka 2023, lifundishe ushujaa tu. Machungu yaachwe, yasije yakawagawa watoto. Sisi twasema hapana!

Mtoto wa Dar es Salaam hupita Barabara ya Bibi Titi Mohamed. Aambiwe kwamba mama huyu aliwakusanya wanawake kuingia TANU tangu mwaka 1955. Aambiwe pia kwamba alikamatwa mwaka 1969, akahukumiwa kifungo cha maisha kwa uhaini, akaachiliwa mwaka 1972. Mtu ni yule yule. Kwa nini tumkate nusu?

Tulimlaani Mwingereza alipowaweka maelfu ya Wakenya kizuizini bila ya kesi. Lakini sheria ya mwaka 1962 iliyoruhusu jambo lilo hilo kwetu haikutungwa na Gavana. Ilipitishwa na Bunge letu wenyewe. Mwaka 1965 katiba ikavifungia mlango vyama vingine. Tume ya Jaji Nyalali, mwaka 1992, ilitaja sheria 40 za kukandamiza, na hiyo ya kizuizini imo.

Asiyeyajua haya atafanya nini siku sheria kama hizo zikiletwa tena? Atapiga makofi!

Kutaja makosa si kuwatukana wazee waliotuletea Uhuru. Mficha uchi hazai. Wananchi, daini vitabu vya watoto wenu viseme kweli yote.