Tabasamu la Skrini na Maji ya Kisima

Mwezi uliopita mpwa wangu aliniomba nimdhamini mkopo. Ana umri wa miaka 23, amehitimu chuo na anatafuta kazi. Nilidhani anataka mtaji. La, fedha hizo zilikuwa za meno. Amezaliwa na kukulia mashariki mwa Mlima Meru, na meno yake, kama yangu, yana madoa ya kahawia tuliyoachiwa na maji. Katika usaili wake wa mwisho alijibu maswali yote akiwa amefunika mdomo kwa kiganja. "Mjomba," aliniambia, "wananiuliza uhasibu, lakini wanatazama meno."

Sikutaka kutia saini jambo nisilolielewa, nikamsindikiza hadi kliniki. Daktari, kijana mwenye adabu na ujuzi, alimpiga picha za uso akiwa amenyamaza, akitabasamu na akicheka. Kisha akapitisha kifaa kidogo mithili ya kalamu nene ndani ya kinywa, na meno yote yakajitokeza kwenye kompyuta, jino kwa jino, kana kwamba yamechongwa. Akachora mstari kutoka mboni hadi mboni, mwingine kutoka paji la uso hadi kidevuni, na wa tatu uliofuata upinde wa mdomo wa chini. Baada ya hapo programu ikafungua hifadhi yake ya maumbo ya meno, na katika dakika chache mpwa wangu akajiona akiwa na meno kumi ya juu, meupe, yaliyolingana kama askari wa gwaride. Machozi yakamtoka.

Mimi nami niliitazama picha ile, na ikanichukua muda kutambua kilichopungua. Mwanya wake haukuwapo. Mwanya huo ni wa mama yake, na wa bibi yetu kabla yake. Kwetu mtu husifiwa kwa mwanya. Hakuna aliyemwuliza kama anataka uzibwe. Programu iliuona kuwa kasoro, ikausahihisha.

Nisieleweke vibaya. Sipingi teknolojia hii. Ubunifu wa tabasamu kwa kompyuta, ulioenezwa sana na daktari wa Brazil, Christian Coachman, una faida ya kweli. Zamani mgonjwa aliyajua meno yake mapya siku yalipokwisha kubandikwa, muda wa kukataa ukiwa umepita. Sasa mchoro unaweza kuchapwa kwa mashine, ukageuzwa kuwa kielelezo cha muda kinachowekwa juu ya meno kabla jino lolote halijaguswa. Mgonjwa huzungumza nacho, hucheka nacho, hukionyesha kwa nduguze, kisha huamua. Chombo kinachompa mgonjwa nafasi ya kusema "hapana" mapema ni chombo cha haki.

Lakini chombo hicho hicho kinaweza kugeuzwa kuwa dirisha la duka. Mpwa wangu alionyeshwa mwisho wa safari bila kuonyeshwa njia. Nilipouliza nini kitafanyika kwa meno yaliyopo, niliambiwa kwamba yatasagwa kidogo ili magamba membamba ya kauri yabandikwe juu yake. Neno "kidogo" linastahili kupimwa. Gamba la kauri kwa kawaida hudai kusagwa kwa sehemu ya milimita; kofia ya jino zima inaweza kuondoa zaidi ya nusu ya sehemu ya jino inayoonekana. Enameli ikishaondolewa haioti tena. Na kauri yenyewe haidumu milele: baada ya miaka kumi au kumi na mitano hivi, mtu atarajie kuibadilisha. Kijana wa miaka 23 anayesaini leo anasaini pia kwa niaba ya mtu wa miaka 38, wa miaka 50 na wa miaka 65.

Nilipouliza tena, ndipo ilipotajwa njia nyepesi zaidi. Madoa ya floraidi yasiyo ya kina yanaweza kupunguzwa kwa dawa ya kung'arisha, au kwa kusugua tabaka jembamba sana la juu kwa asidi na unga maalumu. Njia hizi hazimfai kila mtu. Meno yaliyotobokatoboka na kumeguka huhitaji zaidi. Lakini kanuni ya tiba ni kuanza na kilicho chepesi. Kwa nini mimi, mwalimu wa sayansi ya siasa, ndiye niliyelazimika kuiuliza? Kwa sababu njia nyepesi haina picha ya kuvutia kwenye skrini, wala haina bei ya kuvutia kwenye ankara.

Swali la pili ni la uzuri wenyewe. Nani aliamua kwamba tabasamu bora ni lile? Tangu mwaka 1978, Edwin Levin alipopendekeza ile iitwayo nisbati ya dhahabu, yaani moja kwa 1.618, itumike kupima upana wa meno ya mbele, hesabu hiyo imerudiwa mara nyingi kama sheria ya maumbile. Watafiti waliopima vinywa vya watu halisi wamekuta mara kwa mara kwamba ni wachache wanaolingana nayo. Hesabu inayowakosa watu wengi haifai kuitwa kipimo cha watu. Ikishaingizwa ndani ya programu, hata hivyo, maoni huvaa joho la sayansi, na mwenye mwanya hujikuta akijitetea mbele ya mashine.

Swali la tatu ndilo zito zaidi, na historia inalieleza vizuri. Katika miaka ya 1930, daktari wa California aitwaye Charles Pincus alikuwa akiwatengenezea waigizaji wa Hollywood vifuniko vyembamba vya meno. Vilishikizwa kwa muda mbele ya kamera, kisha vikavuliwa. Huo ndio ukoo wa magamba tunayouziwa leo. Miaka michache kabla ya hapo, mwaka 1923, wazazi wa mji mdogo wa Oakley, jimboni Idaho, walimwita daktari Frederick McKay. Meno ya watoto wao yalikuwa yameanza kutoka na madoa ya kahawia baada ya mji kuvuta maji kwa bomba kutoka chemchemi ya maji moto, umbali wa kilomita nane hivi. McKay hakuweza kuona kosa lolote ndani ya maji yale. Floraidi ingekuja kutambuliwa kuwa chanzo mwaka 1931. Hata hivyo aliwashauri waliache bomba hilo na kutafuta chemchemi nyingine. Wakafanya hivyo, na baada ya miaka michache wadogo wao wakaota meno safi.

Hollywood ilifunika meno ya wachache. Oakley ilibadilisha maji ya wote, tena kabla hata sayansi haijakamilika. Sisi sayansi tunayo. Tunajua kwamba miamba ya volkano ya Meru na Kilimanjaro hutoa floraidi nyingi katika baadhi ya chemchemi na visima. Tunajua kwamba madoa haya huingia utotoni, hadi kama miaka minane, meno ya kudumu yanapojengeka ndani ya fizi; mtu mzima akiyanywa maji hayo hapati madoa mapya. Tunajua kwamba kiasi kikubwa zaidi, kwa miaka mingi, hudhuru mifupa, na hakuna kauri ya kufunika miguu iliyopinda.

Na bado, Shirika la Afya Duniani likipendekeza kisichozidi miligramu 1.5 kwa lita, viwango vyetu kwa miaka mingi viliruhusu hadi 4, kwa hoja kwamba hatukuwa na maji mengine. Hoja hiyo ilikuwa ya kweli kwa kiasi fulani. Ni haki pia kutaja kituo cha utafiti cha Ngurdoto, kilichohangaika na vichujio vya mifupa ya ng'ombe iliyochomwa, na mradi mkubwa wa maji wa Jiji la Arusha uliogharimiwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Lakini vijiji ni vingi kuliko miradi, na mtoto hasubiri bajeti ili aote meno.

Hapo ndipo ninapouona mkopo wa mpwa wangu kwa jina lake halisi: ni ankara ya maji, iliyochelewa miaka 20 na kupelekwa kwa mtu asiyehusika. Bima kwa kawaida hailipii, kwa kuwa jambo hili huitwa urembo. Mwajiri humhukumu kwa doa ambalo hakujipaka. Dola iliyoshindwa kumpa maji salama haimo chumbani. Aliyebaki ni yeye na skrini.

Napendekeza mambo matatu. Madaktari wa kinywa na meno waweke kanuni kwamba hakuna mchoro wa tabasamu utakaoonyeshwa bila maelezo ya maandishi ya njia nyepesi, kiasi cha jino kitakachoondolewa na gharama ya marudio. Waajiri, na hasa idara za serikali, wawaonye wasaili wao kwamba madoa ya floraidi si uchafu. Na halmashauri zibandike kwenye kila kisima matokeo ya kipimo chake cha floraidi, ili mzazi ajue maji gani ni ya kufulia na yapi ni ya mtoto kunywa. Maji ya mvua, ambayo floraidi yake ni kidogo mno, huteleza juu ya mapaa ya shule zetu na kwenda zake.

Sikumdhamini mpwa wangu. Nilimpeleka kwa daktari mwingine, ameanza na njia nyepesi, na mwanya wake upo. Huenda baadaye akachagua kauri; ni kinywa chake, na safari hiyo nitatia saini. Lakini ana mdogo wake wa miaka minne. Meno yake ya kudumu yanajengeka sasa hivi, na asubuhi ya leo amekunywa maji ya kisima kile kile.