Hema Chini ya Mivinje: Matembezi ya Pwani ya Malindi

Mkulima wa bara aliyezoea mto, na karani aliyezoea meza, wakifika pwani kwa mara ya kwanza huitazama bahari kama kitu kilichotulia mahali pake. Dhana hiyo ina hatari. Bahari ya Malindi hujaa na kupwa mara mbili kila siku, na wakati wa bamvua maji hupanda na kushuka meta 3 au zaidi. Mahali alipopita mtu asubuhi kwa miguu mikavu, alasiri pana maji ya kumzamisha.

Hata hivyo, kwa mwenye jamaa na fedha chache, ni pachache pafaapo kwa likizo kama Hifadhi ya Bahari ya Malindi, upande wa kusini wa mji. Hifadhi hiyo na mwenzake wa Watamu ziliwekwa mwaka 1968, nazo ndizo za kwanza za namna yake katika Kenya. Pale Casuarina, palipopewa jina kwa ajili ya miti ya mivinje, pana uwanja wa kupigia hema karibu kabisa na maji. Ada hulipwa kwa Shirika la Wanyamapori, nayo hubadilika mara kwa mara. Yafaa kuiuliza kabla ya kufunga mizigo.

Matembezi yenyewe hayahitaji ushujaa. Hapana mlima wa kupanda, wala njia ya kupotea: bahari iko mkono wa kulia, na mtembezi hufuata mchanga kuelekea kaskazini. Baada ya kama saa moja ya mwendo wa mtu asiye na haraka, huonekana mnara mweupe wenye msalaba, juu ya mwamba uliojitokeza baharini. Huo ni ukumbusho wa Vasco da Gama, baharia wa Kireno aliyefika Malindi mwezi wa Aprili 1498, akapata huko rubani wa kumvusha mpaka Bara Hindi. Watoto na wazee huweza mwendo huo, mradi wawe na kofia na maji ya kunywa, kwa maana jua la pwani huchoma kutoka juu na tena kutoka mchangani.

Jambo kubwa ni saa. Mwezi ukiwa mpevu, au ukiandama, ndipo bamvua. Na katika pwani hii siku hizo maji hupwa sana karibu na saa nne au saa tano asubuhi, yakajaa yapata saa kumi alasiri. Kila siku ipitayo huchelewa kiasi cha dakika 50. Baada ya juma moja, wakati wa maji mafu, mambo hugeuka: asubuhi ile ile maji yamejaa. Basi mwenye kuangalia mwezi usiku hujua saa ya kutembea kesho yake, ingawa ni vyema zaidi kuwauliza wavuvi, ambao hesabu hiyo wameipokea kwa baba zao. Mtu aende maji yakiendelea kupwa, na awe amekwisha kugeuka kabla hayajaanza kurudi. Walio hatarini zaidi ni wale waliokwenda mbali juu ya miamba, kwa kuwa maji hupitia kwanza katika vijito vya nyuma yao, wakajikuta kisiwani.

Miguu ivae viatu hata majini. Katika mashimo ya miamba hukaa wanyama wenye miiba mirefu myeusi kama sindano, na wako konokono wenye gamba zuri lenye umbo la pia, ambao huchoma kwa sumu. Hiyo ni sababu moja ya kutookota magamba. Sababu ya pili ni kwamba sheria ya hifadhi yakataza. Matumbawe nayo yasikanyagwe. Joto la bahari la mwaka 1998 liliua sehemu kubwa ya matumbawe ya pwani hii, na yaliyosalia hukua polepole mno.

Liko neno jingine, nalo huwahusu hasa wale wanaodhani kwamba pwani ni mali ya wageni wa hoteli. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 62, yaihesabu ardhi iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa kuwa ardhi ya umma. Mchanga uliolowa mbele ya hoteli si ua wa hoteli. Taabu ni kuufikia, maana mahali pengi njia za kushukia zimezibwa kwa kuta. Mwananchi hapokonywi haki yake, ila hunyimwa mlango wa kuiingilia, jambo ambalo si dogo.

Ama hema, lisipigwe chini ya mnazi, kwa sababu nazi haina adabu. Lisipigwe pia chini ya mstari wa mwani mkavu, ambao ndio alama ya maji ya jana, na kama bamvua yaja lisogezwe juu zaidi. Vigingi havishiki mchangani: ni afadhali kujaza mchanga katika mifuko, kuifunga kwa kamba na kuifukia. Majani ya mvinje yaliyokauka hushika moto upesi, basi jiko liwe mbali nayo. Miezi ya Aprili mpaka Juni huwa na mvua nyingi na upepo wa kusi. Wakati wa kaskazi, Desemba mpaka Machi, bahari hutulia.

Siku ya kuondoka, hema na vyuma vyake vioshwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi, vikaushwe kabisa, ndipo vifungwe. Vinginevyo likizo ijayo vitafunguliwa vimekwisha kuliwa na kutu.