Hedhi Ilipopoteza Hesabu

Kitale na Bungoma niliwasikia akina mama wakinong'onezana kuwa korona, na hata chanjo yake, ziliwavuruga hedhi. Wengine wakasema ati kizazi kimefungwa. Hilo la kizazi ni uzushi. La hedhi si uzushi. Uchunguzi wa Marekani, uliotangazwa Januari 2022 juu ya wanawake karibu 4,000, ulionyesha kuwa sindano moja ilichelewesha hedhi, kwa wastani, muda usiotimia siku nzima. Maradhi yenyewe nayo, pamoja na mahangaiko yake, huweza kuivuruga. Kwetu hesabu hii ni nzito: mwanamke aliyeachwa, kwa madhehebu ya Imamu Shafii, huhesabu eda kwa twahara tatu. Hedhi ikichelewa, na eda hurefuka. Zahanatini, waliniambia, waliulizwa homa na kikohozi tu.