Nguzo Zipimwe Kabla ya Kubebeshwa

Siku ya Ijumaa Kuu, tarehe 29 Machi 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katika mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, liliporomoka na kuua watu 36. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo jingine likaanguka Kariakoo, na zaidi ya watu 20 wakapoteza maisha. Musoma na Bunda nazo zataka ghorofa, na hilo ni jema. Kwa hiyo twauliza mapema, kabla ya msiba: nguzo zetu azipima nani, na kwa kipimo gani?

Wenzetu wa Uchina wamekwisha kuizoea nguzo ya namna nyingine, yaani bomba la chuma lililojazwa zege. Mwaka 2020 walifungua huko Guangxi daraja la Pingnan, ambalo tao lake la mabomba hayo lina upana wa mita 575. Hapana uchawi. Zege likielemewa hutaka kutanuka kandokando na kupasuka; bomba hulikumbatia. Bomba nalo, likiwa tupu, hubonyea kama debe lililokanyagwa. Zege huliziba lisibonyee ndani. Kila mmoja amsaidia mwenziwe pale alipo mnyonge. Tangu 1928 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, walionyesha kwa majaribio kwamba zege linalobanwa pande zote huongezeka nguvu kwa takribani mara nne ya mbano wenyewe. Tena fundi hahitaji mbao za kuzuilia zege, maana bomba lenyewe ndilo kalibu.

Kuivunja nguzo nzima ili kuijua nguvu yake kwahitaji mashine kubwa na fedha nyingi. Hapo ndipo kompyuta huingia. Nguzo hukatwa, kwa hesabu tu, kuwa maelfu ya vipande vidogo. Kila kipande hupewa tabia ya chuma au ya zege. Kisha mzigo huongezwa hatua kwa hatua, hata ijulikane chuma kitalegea wapi na zege litavunjika lini. Programu ya OpenSees, iliyotoka Chuo Kikuu cha California, Berkeley, hupatikana bure kwa masomo na utafiti. Vijana wa Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Mwalimu Julius K. Nyerere, pale Butiama, wapewe nafasi ya kuijua kazi hii. Nasi tunaokaa kando ya ziwa tulikwisha kuonywa na tetemeko la Kagera la tarehe 10 Septemba 2016.

Walakini wako wanaotaka kuifanya kompyuta kuwa mganga. Picha ya rangi nyekundu na buluu huwekwa mezani, na kikao kizima hunyamaza. Sisi hatunyamazi. Kompyuta huamini ilivyoambiwa. Ukiiambia kwamba zege lina nguvu ya nyutoni 30 kwa kila milimita ya mraba, na huku kiwanjani fundi ameamriwa apunguze saruji na kuongeza maji, basi iliyopimwa ni nguzo nyingine kabisa, si hii itakayosimama juu ya vichwa vya watoto wetu. Katika bomba hatari yazidi, kwa kuwa zege halionekani, na pengo lililobaki ndani hufunikwa na rangi nzuri ya nje.

Ajuaye ukweli huo ni kibarua. Yeye ndiye aliyehesabu ndoo za mchanga na mifuko ya saruji. Yatupasa kumlinda asifukuzwe kazi kwa kusema alichokiona, maana ushahidi wake hauna mashine ya kuushinda.

Na kabla halmashauri haijalipa fedha za hatua ya nguzo, idai matokeo ya michemraba ya milimita 150, iliyojazwa zege lile lile la kiwanjani mbele ya wafanyakazi, na kuvunjwa siku ya 28.