Programu ya Bure, Utunzaji wa Gharama

Limeenea wazo kwamba programu huria, kwa kuwa hainunuliwi, haihitaji fungu katika bajeti. Wazo hilo ni la hatari.

Tuitazame PostgreSQL, hifadhidata ipangayo taarifa katika majedwali yanayohusiana, kwa kufuata nadharia aliyoitoa E. F. Codd mwaka 1970. Chimbuko lake ni mradi ulioanza mwaka 1986 katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, chini ya Michael Stonebraker. Haimilikiwi na kampuni yoyote. Kila mtu aweza kuitumia na kuirekebisha. Kila badiliko huliandika kwanza katika daftari lake la kumbukumbu, ili umeme ukikatika kazi iliyokwisha kuthibitishwa isipotee.

Lakini daftari hilo halimkingi binadamu na kosa lake. Tarehe 31 Januari 2017, mhandisi wa kampuni ya GitLab alifuta kwa bahati mbaya data za seva kuu. Nakala ya akiba ya kila siku haikuwapo: programu ya kunakili ilikuwa ya toleo la 9.2, hifadhidata ya 9.6, na kazi ilikuwa ikishindikana pasipo wahusika kujua. Data za muda wa saa sita hivi zikapotea.

Hivyo basi, fedha tunayookoa katika leseni haina budi itumike kumsomesha msimamizi, kumwajiri, na kumpa nafasi ya kujaribu kurejesha nakala hizo mara kwa mara. Kumbukumbu za wagonjwa na matokeo ya mitihani haziwezi kulindwa kwa nakala ambayo haijapata kujaribiwa.